Niliyoyaona Kwenye Mashine ya Gesi

Jumatatu, 7 Oktoba

Mashine imefika. Ilishushwa kwenye lori asubuhi ikiwa imezungushiwa nailoni, na wauguzi wa wodi zote wakatoka kuitazama. Ni mnara wa chuma wenye magurudumu: juu kuna skrini, katikati taa ya kamera, chini mashine ya gesi. Dkt. Ndanu aliizunguka mara mbili bila kuigusa. Ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, na ndiye daktari wa kwanza wa upasuaji wa watoto kuletwa katika hospitali yetu hapa Machakos.

Kwenye mkutano alitueleza tena yale ambayo mimi na yeye tulifundishwa Nairobi mwezi wa Agosti. Badala ya kumpasua mtoto tumbo, unamtoboa matundu matatu yenye upana wa kalamu. Moja la kamera, mawili ya vyombo virefu vyembamba. Gesi hupulizwa ndani ili tumbo liinuke na daktari apate nafasi ya kuona. Mtoto haumwi sana, anaenda nyumbani mapema, na kovu ni dogo.

Nilisimama. Nina miaka hamsini na miwili, na ishirini na miwili kati ya hiyo nimeimaliza kando ya meza ya upasuaji.

"Daktari, tumbo likiwa wazi naiona damu kwa macho yangu. Hapa tutakuwa tunaangalia televisheni. Na watoto si wa kujifunzia."

Urbanus, ambaye kazi yake ni kuwalaza wagonjwa usingizi, akakohoa kidogo. Nilidhani Dkt. Ndanu atakasirika. Alisema tu, "Basi wewe ndiye utakaa kwenye mashine, Sista Munyiva. Utanisomea namba."

Nimeanza daftari hili kwa sababu fomu za thieta hazina mahali pa kuandika kwamba uliogopa.

Jumatano, 9 Oktoba

Vumbi. Mvua hakuna. Nimesoma kitabu cha maelezo ya mashine mara ya tatu.

Jumanne, 15 Oktoba

Nitaandika yote.

Mtoto wa kwanza alikuwa Carol, wa miaka tisa, kutoka Kathiani. Kidole tumbo kilikuwa kimevimba. Mama yake, Kavutha, alimleta jana jioni akiwa amemfunga leso tumboni ili asisikie matuta ya barabara. Tulipokuwa tukimsukuma kwenda thieta, Carol aliniuliza, "Mtanitoboa kama masikio?"

"Kama masikio," nikamwambia. "Na hutasikia."

Urbanus akamlaza. Dkt. Ndanu akatoboa karibu na kitovu, akaingiza mrija, nami nikafungua gesi ya mashine iliyokuwa imewashwa tangu alfajiri. Tuliweka presha nane. Tumbo la Carol likainuka polepole, kwenye skrini matumbo yake yakang'aa, na nakiri kwamba kwa muda nilisahau kuogopa. Sijawahi kumwona mtu aliye hai kwa ndani hivyo, pasipo damu.

Kisha nikatazama namba. Haikuwa nane. Ilikuwa kumi na tisa.

Nilifumba macho, nikafumbua. Nane.

Wakati huohuo Urbanus akasema, "Mapigo yanashuka." Halafu kwa sauti nyingine, "Tisini. Sabini. Daktari, hamsini na mbili!"

"Funga gesi! Toa yote!"

Nilifunga. Dkt. Ndanu akafungua mrija, tumbo likatoa upepo na kulala. Urbanus tayari alikuwa anadunga dawa kwenye dripu. Mashine ya moyo ililia polepole, kama mtu anayetembea huku akifikiria kusimama. Arobaini na nane. Arobaini na nane. Sitini. Themanini. Mia moja na tano.

Halafu Dkt. Ndanu akageuka.

"Sista, presha ilikuwa ngapi?"

"Nane," nikasema.

"Una hakika?"

"Nane, Daktari."

Alishusha pumzi. "Basi ni mwili wake. Watoto wengine hufanya hivyo gesi ikiingia. Tuendelee kwa sita."

Wakaendelea. Dakika thelathini na tano, kidole tumbo kikatoka. Watu walipeana mikono. Kavutha alikuwa amesimama nje ya mlango, amekunja leso ileile mkononi.

"Sista, kila kitu kilienda sawa?"

"Kilienda sawa, mwaitu," nikamjibu. Nilimwita mama kwa heshima, na papo hapo nikamdanganya.

Jumatano, 16 Oktoba

Carol amekunywa uji na kutembea hadi dirishani.

Nimejiuliza usiku kucha kwa nini nilisema nane. Nilipoulizwa, ilikuwa nane. Huo ndio utetezi wangu. Lakini nilijua anauliza nini. Ningesema kumi na tisa, Urbanus angesema ni miwani yangu. Wengine wangesema Sista alipinga mashine hii mbele ya kila mtu, sasa anatafuta kasoro. Na kama kweli ni macho yangu? Nesi wa thieta asiyeona namba hupelekwa kliniki kugawa kadi. Nilihofia mambo hayo yote, na hakuna hata moja kati yake lililomhusu Carol.

Ijumaa, 18 Oktoba

Carol ameenda nyumbani. Amenipungia mkono.

Jumanne, 22 Oktoba

Mtoto wa pili, henia. Saa nzima sikuangalia kitu kingine ila namba. Haikuruka. Labda ni macho kweli.

Jumapili, 27 Oktoba

Kanisani tumeombea mvua. Mimi nimeomba kitu kingine.

Jumatano, 30 Oktoba

Imenyesha! Majirani wote wako mashambani na ndengu na mahindi. Dkt. Ndanu alifika kazini matope yamefika magotini, anacheka; gari lake lilizama. Ninaanza kumpenda msichana huyu, na hilo linazidisha ugumu.

Jumanne, 5 Novemba

Watoto wawili, kama Jumanne iliyopita. Namba imetulia.

Jumanne, 12 Novemba

Imeruka tena.

Kumi na saba, kwa muda wa kusema neno moja, kisha ikarudi nane. Mtoto hakudhurika, mapigo hayakutikisika, na hakuna aliyeona ila mimi. Nilifungua mdomo. Dkt. Ndanu alikuwa anasema, "Mnaona mshipa huu? Angalieni ulivyo mzuri," na sauti yake ilikuwa na furaha kiasi kwamba niliufunga mdomo tena.

Sasa siwezi kusema ni macho. Macho hayakosei mara mbili kwa namna moja.

Alhamisi, 14 Novemba

Nimemwambia mume wangu. Maundu alikuwa mwalimu miaka thelathini na bado anasikiliza kama anayesahihisha mtihani.

"Umemwambia daktari?"

"Bado."

"Unangoja nini?"

"Ataniuliza kwa nini nilinyamaza mwezi mzima."

"Ukingoja zaidi, mwezi utapungua?"

Nilimkasirikia. Nikaenda kupalilia huku mvua inaninyeshea.

Jumatatu, 18 Novemba

Baridi na ukungu. Wodi ya watoto imejaa vifua. Leo ameletwa Wendy, ana miaka minne, kutoka Wamunyu. Homa ya mapafu imemwachia usaha upande wa kulia. Amewekewa mpira kifuani kuutoa. Baba yake, Kitheka, ni mchongaji. Mikono yake ina makovu madogo kila mahali. Mama wa mtoto alifariki mwaka juzi. Kitheka anakaa kando ya kitanda, na kila Wendy anapovuta pumzi, naye anavuta.

Jumatano, 20 Novemba

Mpira hautoi kitu. Picha zinaonyesha usaha umeganda ukalibana pafu. Homa ni thelathini na tisa na nusu. Pumzi za Wendy zimekuwa fupi, pua zinapanuka, ngozi inaingia katikati ya mbavu.

Dkt. Ndanu alikaa kwenye kitanda cha jirani ili macho yake na ya Kitheka yawe sawa.

"Baba Wendy, tunaweza kupasua kati ya mbavu na kusafisha. Inafanya kazi, lakini ni kidonda kikubwa, na atapumua kwa maumivu wiki nyingi. Au naingia kwa matundu mawili na kamera, nausafisha usaha polepole, pafu lifunguke. Napendelea hiyo ya pili. Kesho asubuhi."

"Hiyo kamera umeshawafanyia watoto wangapi?"

"Hapa, saba. Kifuani, hapa, yeye ndiye wa kwanza."

Kitheka akanigeukia. "Na wewe Sista, umeona wote saba?"

"Nimewaona."

"Wako sawa?"

"Wako sawa," nikasema. Kifuani gesi hupulizwa kidogo sana, presha nne, kusukuma pafu kando. Moyo uko palepale. Kumi na tisa ndani ya kifua cha mtoto wa miaka minne haitakuwa kumi na tisa ya tumboni. Dawa ya Urbanus huenda isimrudishe.

Nimemwambia Maundu kesho nitasema.

Alhamisi, 21 Novemba

Nilimkuta Dkt. Ndanu peke yake kwenye sinki, ananawa mikono. Nilisema kabla sijapata nafasi ya kufikiri.

"Daktari, mashine ya gesi inaruka. Nimeiona mara mbili."

Aliendelea kusugua. "Inaruka vipi?"

"Tunaweka nane, inapanda kumi na saba, kumi na tisa, halafu inarudi."

"Tarehe ngapi?"

"Kumi na mbili mwezi huu. Na kumi na tano Oktoba."

Mikono yake ikasimama. Maji yaliendelea kumwagika.

"Carol."

"Ndiyo."

"Nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Mara mbili nilikuuliza!" Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Nimeweka mashine hiyo ndani ya watoto sita baada yake, Sista. Sita."

Nikamwambia anitoe thieta, aite mwingine. Akafunga bomba kwa kiwiko.

"Leo sina mwingine. Kesho tutaongea. Niitie Urbanus."

Waliijaribu mashine mara tatu. Mara tatu ikasoma sawasawa. Urbanus alinitazama, akatazama miwani yangu. "Iko sawa, Daktari. Na huyo mtoto hawezi kungoja. Oksijeni yake inashuka, hata barabara ya Nairobi sidhani ataimaliza."

Dkt. Ndanu alisimama mbele ya mnara ule kwa muda. Nilikuwa nangoja aseme Sista amechoka. Ningekuwa yeye, labda ningesema hivyo.

"Iondoe gesi," akasema. "Tutabaki na kamera na skrini tu. Nikitoboa kifua, hewa ya kawaida itaingia na pafu litalala kidogo. Nafasi itakuwa finyu. Nitajua la kufanya nikiwa ndani."

Alitoka akamweleza Kitheka yote, pamoja na kwamba mashine moja haaminiki na kwamba amelijua hilo asubuhi hiyohiyo. Hakunitaja. Kitheka akauliza, "Bila hiyo gesi utaona?"

"Kidogo."

"Mimi nikichonga mahali jicho halifiki, naenda na kidole. Wewe hapo huna kidole."

"Sina. Niko na chombo kirefu tu. Lakini nikiona siwezi, sitang'ang'ana. Nitapasua."

"Hutaona aibu?"

"Hapana."

"Basi mchukue." Akamwinua Wendy mwenyewe, akampa Urbanus mikononi kama mtu anayemvusha mtoto mto.

Tulianza saa tatu na nusu asubuhi. Matundu mawili chini ya kwapa. Kwenye skrini hakukuwa na pafu. Kulikuwa na kitu cheupe kizito kama maziwa yaliyoganda, na nyuzi nyuzi kila upande. Dkt. Ndanu alivuta, akanyonya, akaosha, akavuta tena. Alifanya kazi kama anayeokota mchele kwenye changarawe. Urbanus alisoma oksijeni kwa sauti. Themanini na nane. Themanini na saba. Themanini na tisa.

Mvua ikaja. Juu ya mabati yale ilikuwa ni kelele tupu. Ilibidi Urbanus apaaze sauti. Nyuzi zilikuwa zinapungua, na kwenye kona ya skrini nikaona kitu cha rangi ya waridi. Pafu. Dkt. Ndanu alikuwa karibu kabisa nalo, ncha ya chombo imo kwenye utando, stima ikapotea.

Skrini ikawa nyeusi.

"Mtu asiniguse," akasema. "Asisogee mtu."

Sijui kama naweza kueleza. Mchana ulikuwepo dirishani, nilimwona yeye, niliona mikono yake, niliona vishikio viwili vikitoka kwenye ubavu mdogo. Lakini mahali penyewe palipokuwa na hatari hapakuwa na anayepaona. Urbanus alikuwa ameshika mfuko, anamminyia Wendy hewa kwa mkono, taratibu, taratibu sana, ili kifua kisisukumane na chuma. Jenereta huchukua sekunde kumi. Nilihesabu kumi. Nilihesabu ishirini. Jasho lilitoka kwenye paji la Dkt. Ndanu likaingia jichoni na hakupepesa. Nilitamani kumfuta nikaogopa hata pumzi yangu. Thelathini na moja, na nje kitu kikanguruma.

Skrini iliwaka buluu. Ikafikiria. Ikaleta picha, na picha ilikuwa nyekundu yote.

"Damu," Urbanus akasema.

"Naiona. Pamba." Alikuwa ameingiza kipande cha pamba na kukikandamiza. "Kisu kiko tayari?"

"Kiko tayari."

"Sista, nihesabie dakika mbili kwa sauti. Zikiisha sijaona inakotoka, nipe kisu, na usiniulize kama nataka."

Nilihesabu. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko mvua. Kwenye sitini skrini ilikuwa bado nyekundu. Kwenye themanini nilichukua kisu mkononi. Alinyonya, akaosha. Kwenye mia moja na nne akasema, "Hapo," na nikaona kimshipa kidogo kwenye ukuta wa kifua kikivuja. Akakiunguza. Maji yakawa meupe. Mia moja na kumi na mbili.

Niliweka kisu chini.

Baada ya saa moja nyingine, Urbanus alijaza pafu. Lilianza pembeni, likapanda, likakunjuka, likajaza skrini yote. Tisini na saba.

Kitheka alipoambiwa, alikaa chini sakafuni palepale.

Ijumaa, 22 Novemba

Dkt. Ndanu aliniita ofisini. Alikuwa na karatasi.

"Andika tarehe zote mbili. Andika na nilichokuuliza, na ulichojibu."

Niliandika. Alisoma.

"Hata mimi niko na langu," akasema. "Uliposema nane, nilifurahi. Nilitaka iwe nane. Sikuangalia rekodi ya mashine, na ningeweza." Akaandika hilo chini ya maneno yangu, akatia sahihi.

Nilikuwa nikimwona kama mtu aliyependa mashine yake kuliko watoto. Nilikosea. Aliyeipendelea nafasi yake kazini kuliko mtoto ni mimi.

Jumanne, 26 Novemba

Fundi kutoka Nairobi ameifungua. Kuna valvu inayokwama mashine ikipata joto. Kwa hiyo hatukuweza kuiona asubuhi ile ikiwa baridi.

"Macho yako hayana shida, Sista," Urbanus akasema, na akaomba msamaha. Mimi sikufarijika. Ingekuwa macho, ningekuwa na kisingizio.

Wendy ametolewa mpira. Anapuliza glavu ijae hewa, halafu anampiga nayo baba yake.

Alhamisi, 28 Novemba

Nimepewa barua ya onyo. Ni haki.

Jumamosi, 30 Novemba

Dkt. Ndanu alisema familia zote saba lazima zielezwe, naye ataenda kwa kila moja. Kathiani niliomba twende pamoja.

Kavutha alikuwa anapalilia maharagwe. Alitukaribisha, akataka kuchemsha chai. Carol alikimbia akatuonyesha tumbo kabla hatujauliza: alama tatu, moja imejificha kitovuni. Dkt. Ndanu akaanza kuongea lakini nikamzuia. Nilisema mwenyewe. Nilisema kumi na tisa, nilisema arobaini na nane, nilisema nane.

Kavutha alisikiliza akiwa ameshika jembe.

"Moyo wake ulitaka kusimama?"

"Ulishuka sana. Ungeweza kusimama."

"Na nilikuuliza pale mlangoni."

"Uliniuliza."

"Ukaniita mwaitu."

Carol alikuwa ameshusha blauzi, anatutazama mmoja mmoja.

"Mimi nilienda nyumbani nikawaambia watu wa kanisa kuhusu wewe," Kavutha akasema. "Nikasema kuna Sista mmoja hapo, mtoto wako akienda umtafute huyo." Aliingia nyumbani. Tulingoja. Hakurudi, wala chai haikuja. Baada ya muda Carol aliitwa, naye akaenda, na mlango ukafungwa.

Tulirudi kwenye gari. Njiani Dkt. Ndanu alisema, "Ana haki." Nikasema ndiyo.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua imepungua. Wendy alienda nyumbani jana.

Valvu imebadilishwa, mashine imewashwa saa tatu nzima na kupimwa ikiwa moto. Leo tulikuwa na mtoto wa miezi kumi na minane. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya kwanza. Dkt. Ndanu aliniuliza kama niko tayari. Nikamwambia naogopa, lakini niko tayari.

Gesi ikafunguliwa. Nilianza kusoma namba, moja baada ya nyingine, kila baada ya pumzi chache, saa nzima na zaidi. Sita. Sita. Sita. Saba. Sita. Katikati Urbanus akasema, "Sista, tumesikia, punguza sauti kidogo."

Sikupunguza.